Mama Taratibu, Daktari Aliyepima Kabla ya Kushona

Mama yetu, ambaye wodini mlimwita Mama Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, kitinda mimba wa fundi saa na mkunga. Shuleni alikuwa mpole, ila kwenye hesabu alikuwa mbishi: jibu la kuambiwa hakulitaka. Alihitimu udaktari mwaka 1983, kisha akasomea upasuaji wa kurekebisha maumbo.

Mwaka 1988 aliolewa na Baba, dereva wa gari la wagonjwa. Baba alipomposa langoni mwa hospitali, alijibiwa, "Ningoje nitoke zamu." Zamu ikarefuka. Alipotoka alimkuta kwenye usukani, amelala fofofo.

Kazi ya Mama ilikuwa kuwatengenezea titi jipya wanawake waliokatwa titi kwa sababu ya saratani, akitumia ngozi na mafuta ya tumbo lao wenyewe. Mwanzoni alikadiria ujazo kwa jicho, kama walimu wake. Kisha siku moja msusi mmoja alirudi kliniki, akafunga mlango.

"Daktari, nimepona, nashukuru. Ila hili jipya limemzidi mwenzake. Kila blauzi inanisema."

Mama hakujitetea. Alimfanyia upasuaji tena, akalipunguza. Tangu hapo hakushika kisu kabla ya kumsimamisha mgonjwa na kupima upana wa titi, urefu wake na jinsi linavyojitokeza mbele. Daktari mwenzake naye alipima, bila kuambiwa jibu la kwanza. Hata nyama iliyotolewa aliiweka kwenye mizani, ajue makadirio yake yalikosea wapi.

Mwaka 2011 saratani ikampata yeye, titi la kushoto. Aliyempima kabla ya upasuaji ni daktari aliyekuwa mwanafunzi wake. Akashauri la kulia linyanyuliwe kidogo, yote mawili yapendeze.

"Wee!" Mama akasema. "Hili limenyonyesha watoto watatu. Pima lilivyo leo, unitengenezee mwenzake, siyo mjukuu wake."

Wakacheka, kipimo kikaanza upya. Bandeji zilipotolewa alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, halafu akamwita Baba aingie.

Alijaliwa miaka mingi ya afya. Mwaka jana ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye mifupa. Alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 16 Juni 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa Baba.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na kaka mmoja. Mpo pia kina mama mliokaa safu za nyuma, ambao hatuwajui kwa majina, na yeye hakuwahi kututajia. Sogeeni mbele, tafadhali. Nanyi ni wafiwa.

Mungu ampumzishe kwa amani.