Historia ya Ernestine Kaswera, Aliyeuliza Kama Ni Yeye au Ni Sisi Sote

Ndugu wa karibu na wa mbali, majirani wa Keshero, na ninyi watoto mliokaa mbele kwenye mkeka, familia imenipa mimi, Donat, kaka yake mkubwa, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, kwa kuwa nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na sita na sauti yangu imezoea kusomea wengi, basi nitasoma polepole, mnivumilie.

Ernestine Kaswera alizaliwa Butembo tarehe 3 Machi 1974, mtoto wa tano kati ya sita, baba yetu akiwa mfanyabiashara aliyeleta maharagwe Goma kwa lori, hadi mwaka 1981 alipochoka na barabara akatuhamishia wote hapa. Alianza shule ya msingi Septemba mwaka huo, akamaliza Juni 1987, akajifunza ushonaji kwa masista hadi Julai 1991, na masista walimkumbuka kwa jambo moja, kwamba hakuridhika na jibu mpaka aonyeshwe limetoka wapi. Tangu hapo alishona sare za shule, mashati meupe na kaptula za buluu, na wengi waliokaa hapa leo walivaa kazi ya mikono yake kabla hawajajua kusoma jina lake.

Tarehe 12 Agosti 1995 alifunga ndoa na Lévi, mchoma makaa wa Kibati, mtu wa mzaha aliyeniita Mwalimu hata tulipokuwa tunakula sahani moja, nami nilipewa chumba cha uani kwao kwa kuwa nilikuwa nafundisha pale pale. Mungu aliwapa watoto wawili, Angèle, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1996, na Célestin, aliyezaliwa tarehe 21 Februari 2000, ambaye leo yuko Butembo, barabara imefungwa, na anatusikiliza kwa simu.

Ugonjwa wake ulianza na vita. Mwezi wa Novemba 1996 tulikimbia kupitia vilima vya Masisi, Angèle akiwa mgongoni mwa mama yake, tukalala majuma mawili katika nyumba ya udongo iliyoachwa kando ya zizi la ng'ombe, na ndani ya nyufa za kuta zile walikaa papasi, wale tunaowaita kimputu, ambao humuuma mtu amelala na wala hashtuki. Homa ilimpata, ikaondoka, ikarudi, ikaondoka, ikarudi mara nne, na tulipofika Goma tarehe 14 Januari 1997, daktari Birindwa aliviona vijidudu katika damu yake, akampa dawa, akatueleza kwamba ni ugonjwa wa ukoo mmoja na ule ambao Wazungu huupata kwa kuumwa na kupe wao na kuuita Lyme, kwamba vijidudu vitakufa, lakini kuna watu ambao mwili wao haurudi tena kama ulivyokuwa.

Watoto, mwili una kitu kama mlinzi wa nyumba, ukipata joto anafungua madirisha, jasho linatoka, ukipata baridi anayafunga, unatetemeka. Mlinzi wa Kaswera hakufa, alichanganyikiwa. Saa sita mchana aliketi juani juu ya jiwe jeusi na pulova tatu, meno yakigongana, na asubuhi ya mvua aliloweka kitenge katika maji akajifunika kifuani kwa sababu alikuwa anaungua, huku kipimajoto kikisema hana kitu, na kwa sababu ya kipimajoto hicho wengine walisema anajifanya, wengine wakasema amerogwa. Sokoni walimwita Mama Frigo, yaani mama jokofu, naye aliwajibu kwamba wamshukuru Mungu, hii ndiyo frigo pekee ya Goma inayofanya kazi bila umeme.

Lakini nyumbani hakuwa na mzaha. Alikuwa na swali, aliloniuliza mimi kwa sababu Lévi alitoka alfajiri kwenda kwenye makaa, na aliliuliza kila siku, akiniita Yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa: "Yaya, ni miye ao ni siye bote?" Maana yake, baridi hii iko hewani au iko ndani yangu peke yangu, nivae au nivue, nimfunike mtoto au nimfunue. Mwili wake ulikuwa umemdanganya mara nyingi mno, akaamua kuamini mkono wangu. Nilimgusa paji la uso, kisha nikajigusa mimi, kisha nikamjibu.

Sasa nasoma sehemu ambayo sijawahi kuisema mbele ya watu, na Angèle anaisikia leo kwa mara ya kwanza.

Jumatano tarehe 16 Januari 2002, jioni, ardhi ya Kibati, chini ya mlima wa volkano, ilikuwa imetetemeka kwa siku kadhaa, na Kaswera, akiwa peku jikoni, alisema sakafu inamchoma nyayo. Lévi alikuwa amekwisha kufunga mizigo tushuke wote Keshero kwa binamu yetu, lakini Kaswera alitaka kwanza kuwa na hakika asiwasumbue watu kwa ajili ya mwili wake, akaja mlangoni kwangu, akaniuliza swali lake. Nilikuwa nasahihisha madaftari, nimechoka, yalikuwa yamebaki kumi na moja. Sikuinuka. Sikumgusa, sikugusa sakafu, nilisema bila kuinua kichwa, "Ni wewe. Vaa soksi." Nilimsikia Lévi akicheka uani, akimwambia mke wake kwamba Mwalimu ameshasema, basi tufungue mizigo.

Siku iliyofuata Lévi alipanda kwenye makaa yake juu ya Kibati, mlima ukapasuka, moto ukapita kati yake na sisi. Tulishuka na watoto na nguo za mwilini, tukafika Mugunga, tukamngoja wiki tatu. Hakuonekana, hana kaburi, ana lile jiwe jeusi tu la moto ulioganda pale alipokuwa. Mpaka leo sijui kama sakafu ile ilikuwa imepata moto kweli au ni mwili wa dada yangu uliosema uongo kama kawaida yake, hakuna aliyepima, na aliyeombwa kupima ni mimi.

Kesho yake baada ya moto, pale Mugunga, Kaswera alikuja, uso umejaa majivu, akaniuliza tena, kwa sauti ile ile, na nilimgusa, na tangu siku hiyo sijawahi kumjibu bila kuinuka. Hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.

Tulijenga hapa Keshero mwaka 2003, akashona, akasomesha watoto wote wawili. Waasi walipoingia Goma tarehe 20 Novemba 2012 alikataa kukimbia, akasema nyumba za watu wengine zina kuta asizozijua. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipopasuka tena na mbingu ikawa nyekundu, aliniuliza, nikavua viatu barabarani, nikapiga magoti, nikaweka viganja chini, majirani wakacheka kwamba Mwalimu anapima homa ya inchi, yaani ya ardhi, na ardhi ilikuwa baridi, nikamwambia ni yeye, lakini twende hivyo hivyo, tukaenda.

Mwanzoni mwa mwaka huu mapafu yake yalishikwa. Jumatatu tarehe 27 Januari 2025 waasi waliingia mjini, umeme na maji vikakatika, hospitali zikajaa majeruhi, tukabaki naye nyumbani. Ijumaa tarehe 31, saa nne asubuhi, risasi zilikuwa zimenyamaza, aliniuliza, sauti ikiwa ndogo. Niliinuka, nikamshika mkono, na mkono wangu wenyewe ulikuwa unatetemeka, wa Angèle pia, nyumba nzima ilikuwa ya baridi, nikashindwa kujua baridi inaanzia kwa nani. Nikamwambia, "Ni siye bote, Kaswera." Akasema, "Basi soksi haina kazi." Ndipo nilipojua kwamba miaka ishirini na tatu alikuwa analikumbuka jibu langu la Kibati, neno kwa neno. Alifariki kabla ya saa sita, mkono wake ukiwa ndani ya wangu, nami sikuuachia mpaka joto lote lilipoondoka, kwa sababu safari hii nilitaka kuwa na hakika.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na cherehani moja.

Familia inamshukuru daktari Birindwa, aliyetembea kwa miguu kuja kwake wakati hakuna aliyetoka nje, majirani mliotuletea maji ya ziwa kwa bidon, yale madumu ya plastiki, mafundi wenzake wa sokoni mlioshona gauni alilovaa leo, lenye mikono mirefu, kwa kuwa mlimjua, na ninyi nyote mliovuka mji huu kuja kulia nasi.

Angèle, Célestin, kama mna neno la kuniambia, mtanikuta nyumbani.

Na wewe, mdogo wangu, jioni ile ulikuja mlangoni kwangu nikakujibu nimekaa. Leo nimesimama, na watu wote wamesimama nami. Lala kwa amani.