Madoa ya Gerishon

Mungu amrehemu mdogo wangu Gerishon. Kabla daktari hajatuambia kwamba ni kansa ya damu, ile inayokwenda polepole, tulikuwa tumeshaijadili bila kuijua, kwenye benchi la fundi viatu pale Ruiru, wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni akiwasaka wapiganaji wa msituni. Asubuhi moja alikunja mikono ya shati, tukaona madoa ya buluu, moja juu ya jingine, kama ya mtu aliyepigwa rungu. Siku zile alama mwilini ilitosha kukupeleka kizuizini.

— Nani amekupiga? aliuliza Kagwe, tuliyemwita Mizani kwa kuwa alipima kahawa shambani kwa mzungu.

— Hakuna.

— Basi ni mama watoto!

— Magdalene? Yeye hata kuku humwonea huruma, nikasema.

— Anapigana ndotoni, alisema Kilonzo, ambaye kwetu alikuwa Sajini. Kule vitani Burma mwenzangu aliamka jicho limevimba, na alilala peke yake.

— Wewe Burma ulikuwa mpishi, akasema Mizani.

— Mpishi wa vita!

Gerishon hakucheka.

— Usiku natoka jasho mpaka shuka linakamuliwa. Chakula nacho, matonge mawili nimeshiba. Hapa kushoto, chini ya mbavu, ni kama nimemeza jiwe.

Mizani alitazama kambi ya homgadi, wale walinzi wa serikali, ng'ambo ya barabara, akashusha sauti.

— Watasema umekula kiapo cha watu wa msituni, na hizo ndizo alama.

— Mimi ni mtu wa kanisa, Mizani!

— Wataangalia kanisa, au wataangalia mkono?

— Hospitali usikanyage, akasema Sajini. Watakuvua shati, karani mmoja anong'one, umekwisha.

— Jipake mafuta ya kondoo, akaongeza Mizani. Kaa nyumbani mpaka madoa yapotee.

Nami nikaitikia. Niliogopa kizuizi kuliko ugonjwa.

Kando yetu alikuwa amesimama Musau, mgeni kutoka Ngoliba, mguu mmoja peku, akingoja kiatu chake. Alikohoa kidogo.

— Samahani, wazee. Hayo madoa yakipotea, hilo jiwe nalo litapotea?

Fundi aliacha kugonga. Sajini aliangalia ndani ya kikombe chake cha chai.

Gerishon aliweka kiganja chini ya mbavu za kushoto, akabonyeza taratibu. Kisha akanigeukia mimi, kaka yake, akingoja niseme kitu.