Mgeni Tuliyempeleka Jikoni

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mwenyekiti wa Wakenya wa Riyadh, Bwana Barasa, wazee wetu, akina mama wenzangu wa Malaz, Al-Suwaidi na mliotoka mbali Jeddah, kina Rita mnaohudumu, na wewe Nekesa, daktari wangu: assalamu alaykum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo?

Desturi ni mtu akishasalimia aseme itifaki imezingatiwa. Mimi leo sisemi, na sababu mtaisikia. Kwanza niacheni nijivune, maana nimempikia madam wangu miaka yote hii nikiingoja siku hii.

Mtazameni huyu msichana! Mimi niliishia darasa la saba kule Mumias. Yeye ni daktari, na hospitali moja ya Jeddah imeshamwita. Nani hapa ana mtoto kama huyu? Jael, shusha mkono, wako bado anasoma.

Mwenyekiti ametueleza vizuri jinsi dunia ilivyosimama na watu wa Sudan. Nilipiga makofi. Kisha nikaingia jikoni kuangalia wali, nikamkuta Mama Ihsan.

Wengi hamumjui. Nekesa alipokwenda Khartoum kusomea udaktari, alipanga chumba kwake. Vijana walipoketi mbele ya makao makuu ya jeshi wakidai serikali ya raia, mwanawe Mazin alikuwa pale, akigawa maji. Nchi kubwa kubwa zikawapongeza. Vijana wakapigwa risasi, Mazin hakurudi nyumbani, na nchi zile zile zikatangaza kwamba zina wasiwasi mkubwa. Mama Ihsan akamuuliza Nekesa, "Binti yangu, huo wasiwasi wao nitauweka wapi? Kwenye kitanda chake?"

Vita vilipokuja, kila nchi ikatafuta watu wake. Mama Ihsan akamficha mwanangu, akamlisha, yeye mwenyewe akisema ameshiba. Basi la wageni likafika, akamsindikiza hadi mlangoni, na msimamizi akamwambia, "Wewe rudi, wewe ni wa hapa." Wa hapa, penye mabomu! Mwanangu akashuka melini Jeddah, akapewa maua, na masomo akayamalizia huku. Mama Ihsan alikuja baadaye kwa njia zake, na sasa anaishi kwa kaka yake, mtaa wa Al-Shumaisi.

Leo nilimwalika. Amekuja na tobe lake zuri, lile vazi la heshima la kwao, amebeba sinia ya keki ya basbusa aliyoipika kwa mikono yake. Na sisi mlangoni tumeona nini? Mwanamke asiye wa kwetu, ana sinia. Akaambiwa, "Yalla, jikoni."

Jamani, nani hapa hajaambiwa hivyo, tena akiwa na nguo yake ya Idi? Tumeambiwa, tukalia chooni, na leo tumepata mlango wetu wenyewe tukamwambia mwenzetu.

Rita ananinong'oneza hapa, "Mama, nilidhani ni wa chakula." Sikulaumu, mwanangu. Mwenye shughuli ndiye hupokea wageni wake, nami nilikuwa meza kuu napigwa picha. Uso wangu sijui niufiche wapi.

Nilipomwomba atoke, alikuwa anakata kachumbari, tobe amelikunja. Akasema, "Halas, Um Nekesa, usihangaike. Hata hapa nasikia." Kumbe amesikia makofi yote tuliyojipigia!

Mwenyekiti, usinikasirikie. Hotuba yako ilikuwa nzuri, lakini hiyo dunia unayoisifu na sisi tumo ndani yake, na leo imefanya hivi.

Shada hili la mhitimu, ambalo kwetu mama ndiye humvisha mtoto, mimi sitalivisha. Kiti changu cha meza kuu nacho sikikalii. Vyote vina mwenyewe.

Nawashukuru mliopika, mliosafiri, mliomwombea mwanangu. Asanteni kwa kunisikiliza, na mnisamehe kwa kuichelewesha keki. Nekesa, wewe ulikuwa unavishwa joho, hukuyajua haya. Mlango wa jikoni ni ule pale. Nenda kamlete mama yako, na akishaketi, hapo ndipo nitasema itifaki imezingatiwa.