Visima Kumi na Saba vya Mzee Luvsandash

Jana, tarehe 30 Septemba, saa kumi na moja jioni, kampuni yetu ilipoteza visima kumi na saba. Havijakauka. Vimestaafu. Vimo kichwani mwa Mzee Luvsandash, dereva na kiongozi wetu wa misafara, ambaye baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwazungusha wageni jangwani Gobi alirudisha funguo za gari, akamaliza chai yake ya chumvi, akasahau kurudisha visima.

Alianza kazi tukiwa na gari moja na hema mbili za sufu. Tangu hapo ameongoza safari 612 za siku sita sita. Ameua magari manne. La tano anatuachia likiwa mahututi. Wageni waliopotea mikononi mwake: sifuri. Wageni waliofika kwa wakati: haijulikani, kwa kuwa wakati wenyewe hakuwahi kuutaja.

Hiyo ndiyo sifa yake kuu. Kila dereva wa kwetu anajua kwamba saa ya kufika haitamkwi. Ukiitamka, njia itakusikia na kukukomoa. Wengine hulegea wakibanwa. Yeye, wapi! Mgeni akithubutu kuuliza, hupewa kipande cha maziwa makavu atafune. Ni magumu kama kokoto. Mpaka kinywa kipate nafasi ya kuuliza tena, hema zimeshaonekana.

Miaka tisa iliyopita mimi Oyuungerel, niliyeingia hapa kwa kuosha masufuria, nilipewa kazi ya kupanga safari. Nikachapa ratiba yenye saa na dakika, nikaibandika mbele ya usukani wake. Jioni ile ile aliwashia nayo jiko la mavi ya ngamia.

“Ratiba yako nzuri, binti,” aliniambia mbele ya wapishi wote. “Imeshika moto mara moja.”

Safari iliyofuata nilipanda kiti cha mbele, nikamsumbua tangu asubuhi. Tutafika saa ngapi, mzee wangu? Kadiria tu. Saa ngapi?

“Haya, saa tisa!” akafoka. “Umefurahi?”

Saa nane na dakika kumi ekseli ilikatika. Saa tisa kamili dhoruba ya mchanga ilitufunika. Tulifika kesho yake saa nne asubuhi, tukiwa tumechelewa saa kumi na tisa kwa hesabu yangu, na kwa hesabu yake kosa lilikuwa langu tupu. Tangu siku hiyo, kila akinipa kichupa chake cha ugoro ninuse, lazima aulize, “Vipi bibie, saa tisa bado?”

Ila tusimdhulumu mtu siku ya sherehe yake. Alfajiri baada ya ekseli kukatika, dhoruba ilipotulia, tulikuwa watu kumi na mmoja na lita nane za maji. Mzee alichuchumaa, akatazama nyayo mpya za ngamia zilikoelekea, akahesabu hatua zake mia nne, akafukua mchanga kwa mikono. Chini yake kulikuwa na mfuniko, na chini ya mfuniko, maji baridi. Tulikunywa wote. Hata mwenye ratiba alikunywa.

Ndiyo maana siwezi kunyamaza. Julai hii Gantumur, dereva anayerithi njia hiyo, alikwenda na kifaa cha setilaiti. Kifaa kinajua kisima kilipo. Hakijui kama kina maji. Cha kwanza kilikuwa kikavu. Cha pili kilikuwa na mbuzi, na mbuzi hakuwa hai. Cha tatu kilikuwa na maji tele, lakini familia inayotunza ndoo ilikuwa imehama nayo, na ni Mzee Luvsandash tu ajuaye huhamia wapi. Gantumur alirudi na lita nne na wageni sita wasiosemeshana.

Kuanzia tarehe 20 Mei tuna makundi ishirini na matatu. Nimemwomba mzee mara kumi na moja akae na Gantumur, amtajie kisima kimoja kimoja: kipi cha mwezi gani, ndoo iko kwa nani. Nimejibiwa “tutaona”. Nimejibiwa “upepo ukitulia”. Wiki iliyopita nikajibiwa, “Binti, siku ikitajwa huharibika.”

Mwiko ni wa safari, mzee wangu. Si wa kukaa kitako na kunywa chai.

Kesho anahamia mji mkuu kwa binti yake, ghorofa ya nne, ambako maji hutoka ukutani bila kutafutwa. Tumemwandalia kitambaa cha hariri ya buluu, kondoo mzima, na maziwa ya kurusha nyuma ya gari lake ili njia iwe nyeupe, yaani ya heri. Tunamshukuru kwa wageni 3,917 waliorudi kwao wakiwa hai, ingawa wengi meno yaliwauma. Uzee wako uwe mrefu, mzee, na kila ukiinama ukute maji.

Lakini nyama inaepuliwa leo saa nane mchana. Kabla sufuria halijafunguliwa, nataka jibu lisilozunguka: Gantumur aje kwako siku gani, saa ngapi? “Tutaona” haipokelewi. Ukiogopa kutamka, andika. Nimeacha nafasi hapa chini kwenye karatasi hii.

Usiiwashie jiko.