Saa Iliyogeuzwa Ukutani

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha sufuria kilicheza juu ya uji, na Nyanya Njambi akajiandaa kwenda kliniki mjini. Aliporudi kwa basi la Riruta, aliketi nyuma ya msichana na mzee waliotambuana: msichana alikuwa muuguzi, na mzee ndiye mwenye nyumba aliyokuwa amepanga zamani.

"Namalwa, ule mtihani wa Kiingereza wa viza ulikuwaje?"

"Nimepita, Baba Mungai. Mara ya kwanza nilianguka, kazi ya Uingereza ikakaribia kuota mbawa. Herufi hunirukaruka machoni tangu utotoni. Safari hii nikaomba muda zaidi. Msimamizi akanipa chumba cha peke yangu, akaigeuza saa itazame ukuta nisiogope."

"Kumbe uliongezewa muda? Huo ni upendeleo. Mimi shuleni nikisoma polepole nilikuwa naongezewa viboko."

"Na vilikusaidia?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Nyanya Njambi, ambaye hakuna aliyemuuliza, alimwombea heri yule msimamizi.

Basi likasimama kituo cha Woodley, Namalwa akainuka ashuke.

"Bado nasema ni upendeleo," mzee akamwambia. "Lakini usipande ndege kabla hujapitia tena kwangu. Mama Mungai atakupikia."