Baba Kofia wa Chama cha Kinu

Baba Gbadebo Akinlabi, ambaye hapa Ilesa hata wapinzani humwita Baba Kofia, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi katika Chama cha Kinu. Anastaafu akiwa bado mwanachama. Msicheke. Mwaka huu hilo ni jambo la kutangazwa redioni.

Kazi yake ilikuwa moja: kuwavisha kofia ya kijani wanasiasa wanaohamia kwetu. Alianza wakati chama kina mabenchi mawili na mwenyekiti mkali, kofia zikiliwa na nondo kwa kukosa vichwa. Tuliposhinda jimbo mara ya kwanza, vichwa vikafurika. Mara ya pili wakaja na wajomba zao. Mara ya tatu na ya nne hata kampeni tuliifanya kwa uvivu. Chifu Fatunmbi alihama kila aliponyimwa uteuzi, na kila aliporudi Baba alimwambia, "Karibu tena, Chifu. Kichwa chako nakijua, sina haja ya kupima."

Kuna ile siku ya ukumbini. Sisi tunapokea wahamiaji, mlango wa pili kuna harusi, na ukoo wa bibi harusi umeshona sare ya kijani. Mjomba mtu, Bwana Oyekunle, katibu wa wapinzani wetu, akakosea mlango akifuata harufu ya wali. Baba hakuuliza. Akamvisha, ngoma zikalia, televisheni ikarusha. Wali haujapoa, chama chake kimeshamfukuza! Jioni akarudi amenuna: "Baba, umeniharibia. Haya, basi nipe inayonitosha." Uchaguzi uliofuata alituletea kiti ambacho hatukuwahi kukigusa. Mwenyekiti alidai ule ulikuwa mkakati. Mkakati gani, jamani?

Mwaka jana tukaangushwa. Akahama mweka hazina, akahama dereva na gari, akahama mwenyekiti mwenyewe. Kisha washindi wakamfuata Baba, akawavishie watu kofia zao nyekundu kwa mshahara mnono. Sisi wachache tuliobaki tuliogopa kweli. Angeondoka yeye, tungefunga ofisi na kugawana viti.

Mama Simbiat, mpishi wetu, hana subira. Akamuuliza mbele ya watu wote, "Baba, nawe unatuacha?"

"Niende wapi, mwanangu? Huko nani atanivisha? Hata hapa hakuna aliyewahi kunivisha."

Tukatazamana. Ni kweli. Kofia ni ya wanaohamia, naye hakuwahi kutoka popote wala kwenda popote. Miaka yote hiyo alisimama jukwaani kichwa wazi, na hakuna kati yetu aliyeliona hilo. Tuliona aibu, na Mama Simbiat alilia bila kujificha.

Kwa hiyo Ijumaa, saa nne asubuhi, wapiga ngoma watakuwepo, viazi vikuu vitatwangwa, na Mama Simbiat ndiye atakayepanda jukwaani na kofia. Asante kwa yote, Baba. Tunakuombea uzee mtamu na usingizi usio na wanasiasa. Na karibu chamani.