Nilipotolewa kwenye Orodha ya Benki

Ndugu zangu, mniwie radhi kama nitatembeatembea hapa mbele ya mkutano wetu wa Jumamosi. Mimi siwezi kusimama mahali pamoja nikizungumza habari hii. Mume wangu ameniambia nishike meza, basi nitaishika.

Wengi wenu mnanijua. Ofisi yangu iko mtaa wa Alum Rock, juu ya duka la vitambaa, vyumba viwili na ngazi nyembamba. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kununua nyumba: kukagua hati, kuandika mikataba, kusajili. Baadhi yenu mmepitia kwangu. Na wengine, najua, mlisikia maneno juu yangu mwaka ule mkanyamaza kwa heshima. Leo nimekuja kuyasema mwenyewe.

Kwanza mwelewe kitu kimoja. Hapa Uingereza benki ikikukopesha kununua nyumba, haimkubali wakili yeyote tu. Ina orodha yake ya mawakili inaowaamini. Sisi huiita paneli. Ukiwa ndani ya paneli, benki hukutumia fedha za mkopo wa mteja na kukuachia ulinde haki ya benki katika ile nyumba. Ukitolewa, benki hiyo haitumi chochote kupitia kwako, hata uwe na vyeti ukuta mzima.

Nilikuwa na mshirika, mzee wa makamo aliyenifundisha kazi. Yeye ndiye aliyekuwa akijibu barua za mabenki. Kila mwaka wanauliza: bado mna bima? Nani ni washirika? Kuna lalamiko lolote? Yeye alijaza, mimi nilikaa na wateja. Mke wake alipougua, akastaafu ili amtunze. Tuliagana kwa keki na machozi. Na mimi, nawaambia ukweli, sikuwaarifu mabenki kwamba ameondoka. Nilisema nitafanya wiki ijayo.

Wiki ijayo! Mnaijua wiki ijayo ninyi?

Barua pepe zikaanza kurundikana. Karani wangu, dada mmoja makini sana, alisimama mlangoni siku moja akaniambia, "Hawa wa benki wameandika mara ya tatu. Na Msajili wa Ardhi ameuliza swali juu ya ile nyumba ya Selly Oak."

Nikamwambia, "Niwekee. Nitasoma."

Nyumba ile ya Selly Oak ilikuwa imekwisha kununuliwa. Mteja alipewa funguo, akaniletea sambusa. Kilichobaki ni usajili tu: jina la mteja liingie kwenye daftari la ardhi, na rehani ya benki iandikwe chini yake. Nilikuwa nimekosea jina lake la kati. Msajili aliuliza, sikujibu. Akakumbusha, sikujibu. Mwishowe akalifuta ombi lote. Kwa hiyo benki ilikuwa imetoa mkopo mkubwa, na kwenye daftari haimo kabisa. Kama haikukopesha mtu.

Mtaniuliza, ulikuwa mgonjwa? Sikuwa mgonjwa. Ulikuwa mvivu? Hapana, nilikuwa nakimbia kutoka asubuhi hadi jioni. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Nilikuwa na shughuli nyingi kiasi kwamba kila mtu aliniona mchapakazi, na mimi mwenyewe nikaamini.

Jumatatu moja asubuhi ikaja barua ya benki ile, na hiyo niliisoma. Nimeondolewa kwenye paneli, kuanzia siku hiyo.

Sasa sikilizeni. Juma lile nilikuwa na familia moja, watu wa Kongo ya mashariki, baba, mama na watoto wanne. Nyumba yao ya kwanza. Walikuwa wamekwisha kutia sahihi mkataba, wametoa arubuni, wametoa notisi ya kuhama gorofa yao ya Ladywood. Ijumaa ya juma la pili walikuwa wahamie. Na mkopo wao ulitoka benki ileile.

Nilifanya nini? Niliketi. Nikasimama. Nikapiga simu benki, nikawekewa muziki, nikakata. Nikashuka ngazi, nikatembea Alum Rock yote hadi mwisho, nikarudi, nikapanda ngazi. Sikumwambia mume wangu. Sikumwambia karani, ingawa nadhani alijua.

Jumatano yule mama akanipigia. "Mama avocat," akasema, maana ndivyo alivyoniita, yaani mama wakili, "tunaweza kununua marido?" Yaani mapazia.

Nikasema, "Nunueni tu, mama. Mambo yanakwenda vizuri."

Ndugu zangu, kupuuza barua ni kosa la kazi. Lakini neno hilo la Jumatano lilikuwa uongo, na niliusema kwa sauti tamu.

Ijumaa, saa tano asubuhi, nasikia mtu anapanda ngazi akihema. Ni yeye. Alikuwa ametoka duka la chini kwangu, amebeba furushi. "Kuya uangalie!" akaniambia, akakitandaza kitambaa juu ya meza yangu, juu ya faili lake mwenyewe. Rangi ya maji ya bahari. Akaanza kunieleza pazia lipi ni la sebule na lipi la chumba cha wasichana.

Nikasema, "Mama, keti."

Nikamwambia yote. Barua, orodha, benki, Selly Oak bila kutaja jina la mteja. Nilitegemea apige kelele, na kusema kweli nilitamani apige.

Machozi yakamtoka. Akakikunja kile kitambaa polepole. Kisha akaniuliza, "Ulijua tangu lundi? Na leo ni vendredi?"

"Tangu Jumatatu, mama."

"Kama ungeniambia lundi, ningelia lundi. Mardi tungeanza kutafuta njia." Akanitazama. "Umekula siku zangu ine."

Siku nne. Hata ile Jumanne, mardi yake, nilimnyima.

Kisha akafuta uso kwa kiganja, akasema, "Sasa unamujua mutu mwenye anaweza kutusaidia?"

Nilimjua. Mzee mmoja Singasinga, mzaliwa wa Kisumu, wakili mwenzangu upande wa pili wa mji. Kwa miaka mingi nilimsema vibaya kwamba ananinyang'anya wateja. Nikampigia mbele ya yule mama. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Kisumu, "Lete file. Lete wewe mwenyewe, usitume mtu."

Tukapanda basi, mimi na mama, na mapazia katikati yetu.

Mzee alilichukua lile faili mchana uleule. Yeye alikuwa kwenye paneli ya benki hiyo. Aliwapigia mawakili wa muuzaji, akaomba muda. Ilibidi nami nipige simu nyingine nilizoziogopa: kwa wenye bima yangu, na kwa wasimamizi wa mawakili. Muuzaji akakubali kusubiri siku kumi, lakini familia ile iliumia, maana siku hizo watoto walilala sebuleni kwa shangazi yao, vitu vyao vikiwa kwenye maboksi. Nyumba waliipata. Lakini waliipata kwa jasho la mtu mwingine.

Mnadhani ndipo nilipotulia? Hata kidogo. Wateja waliondoka mmoja mmoja. Siku tatu kwa juma nilikwenda kufanya kazi chini ya yule mzee, mimi niliyekuwa na jina langu mlangoni. Siku nyingine alikuja kwangu, akavua koti, akasema, "Fungua kila file." Tukafungua kila faili. Tukakuta nyumba nyingine mbili ambazo usajili wake umelala.

Nikamwambia, "Mzee, hizi hawajaziona. Nikizirekebisha kimyakimya?"

Akaniangalia kama anamwangalia mtoto. "Benki haijui sura yako. Haijui unaomba Mungu, haijui wateja wanakupenda. Inakujua kwa majibu yako peke yake. Andika, kabla hawajauliza."

Nikaandika. Niliandika hata yale ya aibu. Nikaomba kurudishwa, wakakataa. Nikakaa miezi, nikarekebisha usajili wote, nikapata mshirika mpya, nikawaarifu juu yake siku ileile alipoingia. Nikaomba tena. Wakanirudisha kwa masharti, wakikagua kazi yangu mara kwa mara. Bado wanakagua. Waje tu.

Siku hizi asubuhi sigusi simu ya mteja kabla sijasoma barua za mabenki na za Msajili. Mteja akiniambia arubuni ni zawadi ya mjomba, naiambia benki, maana hutaka kujua fedha zimetoka wapi. Mtu akipewa funguo, naanza usajili siku hiyohiyo. Nikichelewesha barua, karani ana ruhusa ya kuniondoa kwenye kiti. Na wasiwasi bado ninao, sitawadanganya. Nikiona bahasha natamani kuifunika kwa faili. Tofauti ni kwamba mkono unakwenda kuichukua.

Namshukuru Mungu. Namshukuru karani wangu aliyebaki. Namshukuru mzee yule, ambaye hayupo hapa na angekasirika nikimtaja. Namshukuru mama yule, si kwa sababu alinisamehe, maana sijamwuliza kama alinisamehe, bali kwa sababu alilia kwa dakika chache tu, kisha akauliza njia.

Naona kina mama wameanza kupanga vikombe vya chai huko nyuma, basi namaliza. Humu ndani kuna mtu mwenye barua hajaifungua. Ya benki, ya halmashauri, ya hospitali, ya shule ya mtoto. Anaijua iko droo gani. Mimi nitaketi kwenye kiti kile karibu na mlango, na Jumamosi ijayo nitaketi palepale. Ije hiyo barua. Tutaifungua pamoja.